Viza ya Chatu

Januarius Masalu hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Januarius alikuwa akifunguliwa, anakaribishwa, anawekewa kiti, na akiondoka na mali ya watu, wenyewe walimsindikiza mpaka barabarani. Miaka kumi na miwili alikuwa karani wa chama cha ushirika pale Bariadi, mpaka soko la pamba lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakamwagika na mizani zao, ushirika ukaanguka chali na makarani wakaambiwa asanteni sana kwa utumishi wenu. Wenzake waliondoka na barua ya kupunguzwa kazi. Yeye aliondoka na barua, mhuri, kidau cha wino na rimu mbili za karatasi nzuri. Aliona ni haki yake, na kusema kweli hakuna aliyekuja kuuliza.

Basi asubuhi moja ya Juni, mwaka tisini na sita, Januarius alikuwa ameketi kwa Philomena, hoteli ya chai na chapati karibu na stendi. Meza ya pili alikaa Mholanzi mmoja, mchimba visima, anasimulia balaa lililomkuta. Alikwenda Kenya siku tatu na gari lake. Wakati wa kurudi, pale mpakani Sirari akaambiwa viza yake ilikuwa ya kuingia mara moja tu. Alipotoka ilikufa, sasa akate nyingine.

"Lakini mimi nakaa hapa!" Mholanzi alilalamika. "Nguo zangu ziko hapa! Mbwa wangu yuko hapa!"

"Pole, baba," alisema Philomena, akamwongezea chai.

Januarius akaweka kikombe chini taratibu. Mwingine yeyote angesikia habari za Mzungu na shida zake. Yeye alisikia ng'ombe wanalia.

Wala hakungoja sana. Chai haijapoa, akaingia Milembe wa Zagayu, mama wa makamo, mrefu, aliyefunga kitenge kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana. Kwa asiyejua, ngoma za Usukuma zina pande mbili, Wagalu na Wagika, na kila kundi lina manju wake, yaani mwimbishaji na mkuu wa mambo yote. Pamba ikishauzwa, siku ya Nane Nane, tarehe nane Agosti, pande hizo mbili hushindana uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kundi na duara lake. Hakuna jaji. Watu wakikukimbilia umeshinda, wakikukimbia umeshindwa, na aibu yako unakaa nayo mwaka mzima. Milembe alikuwa manju wa Wagalu, na miaka mitatu mfululizo alikuwa amekimbiliwa.

"Mwangaluka, mayu," Philomena alimsalimu kwa Kisukuma. "Za Zagayu?"

"Mwangaluka. Salama, ila nina jambo." Kuna Msukuma mmoja, Milembe alieleza, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyehamia Migori, upande wa Kenya. Anamwoza binti yake mwezi wa saba na anataka ngoma ya kwao. "Tuko ishirini na wawili, na ngoma sita, na chatu wetu tunayecheza naye. Kwenda nataka. Ila sijui pale mpakani wanataka nini."

Januarius alikuwa ameshahamisha kiti.

"Kutoka, mama, ni bure," alisema kwa sauti ya ofisini, ile inayotoka puani. "Hata mbuzi anatoka. Kurudi ndiko kwenye viza."

"Kurudi kwetu?"

"Kwenu ni kwenu ukiwa ndani. Ukishatoka, nani anajua kuwa ni kwenu? Muulize huyu."

Mholanzi, mdomo umejaa chapati, akatikisa kichwa kwa uchungu. "Ndiyo, mama! Ukitoka imekufa! Wanataka viza!" Kwa tapeli hakuna shahidi mzuri kuliko huyo, maana alisema ukweli mtupu.

Sasa nyie mnaosoma msimcheke Milembe. Kijijini kwao, kumpeleka ng'ombe mnadani ni kibali. Mgeni akilala kwako, balozi wa nyumba kumi aambiwe. Ukienda Maswa kumzika shangazi, chukua barua ya mtendaji, la sivyo sungusungu watakuuliza njiani wewe ni nani na unakimbia nini. Mtu aliyezoea kuombea ruhusa kila hatua, ukimwambia na nchi nayo ina mlango wenye bawabu, ataona ajabu gani? Angeshangaa kama usingekuwepo.

"Na chatu?" aliuliza Milembe.

Januarius hakupepesa jicho. "Kazaliwa wapi?"

"Zagayu."

"Basi naye ni wa kwetu, na atahitaji ya kwake. Mnataka akafungiwe karantini na mafisi wa Kenya?"

Wakapatana mtamba mmoja na kondoo wawili kwa kundi zima. Januarius akaenda Zagayu, akapewa meza na mwavuli, akaandika siku mbili. Kila mchezaji alipata karatasi yake: jina, kazi, kabila, alama ya dole gumba, na mhuri wa chama cha ushirika uliogongwa pembeni kidogo ili maneno yasisomeke vizuri. Chatu alinyooshwa na vijana sita akapimwa kwa kamba. Jina: Chatu. Urefu: futi tisa. Kazi: mcheza ngoma. Alama maalumu: madoadoa. Penye sahihi Januarius alisita, kisha akaandika kwa herufi safi kwamba mwenye cheti hana dole gumba.

"Jambo moja la mwisho," alisema akikunja meza. "Mkimaliza harusi, msisogelee mpaka kabla hamjapata barua yangu. Bila hiyo barua, viza ni karatasi tu."

"Tutaingoja," alisema Milembe.

Hapo angeishia, angekula mtamba wake kwa amani. Lakini mjanja akishiba huona njaa upya. Njiani kurudi Bariadi, anaswaga mtamba na kondoo wake, Januarius aliwaza hivi: hawa watu ni waaminifu, watakaa kule mpaka barua ifike. Barua iko mikononi mwangu. Je, ni nani angefurahi Milembe asirudi?

Jibu lilikuwa nyumba ya nne kutoka mnadani. Anatoli, manju wa Wagika, alikuwa mtu mnene mwenye hasira za karibu, ambaye miaka mitatu Milembe alikuwa akimwachia uwanja na mbwa wawili.

"Nane Nane hii Milembe hatakuwepo uwanjani," Januarius alimwambia.

"Umemroga?" Anatoli aliuliza kwa heshima, kama fundi anayemuuliza fundi.

"Nimempa viza. Akishatoka, kurudi hawezi mpaka niandike barua. Nitaandika tarehe tisa. Au, kama mzee hapendezwi, naweza kuandika hata leo."

Anatoli akafikiri mpaka jasho likamtoka. Kisha akaita mchungaji wake, akatoa fahali wawili wazuri, wenye nundu. Januarius alipokwisha kushika kamba, mzee akamshika bega.

"Sikiliza, kijana. Milembe akionekana uwanjani siku hiyo, ng'ombe wangu sitadai. Polisi siendi. Nitakuimba."

Jela mtu hutoka. Faini hulipwa ikasahauliwa. Lakini ukiimbwa na manju, umeimbwa. Kuna mzee mmoja wa njia ya Maswa aliyeiba pampu ya kunyunyizia pamba mwaka wa sabini na nne, akaimbwa, akafa, akazikwa na padri, na mpaka leo wajukuu zake wanaitwa wale wa Pampu. Tena Januarius alikuwa na mama. Bibi Scola wa Nyashimo, mjane, mwanakwaya, hakuwahi kuambiwa habari za kupunguzwa kazi. Kila mwisho wa mwezi mwanawe alifika na sukari nusu kilo na kusema ofisini kazi ni nyingi, na mama akawaambia wenzake kanisani, "Janwari wangu ana mhuri." Mwanaume aliyeweza kumdanganya yeyote kati ya Maswa na ziwani aliogopa kitu kimoja duniani: kwamba siku moja mama yake atasikia yeye ni nani hasa. Na wimbo wa manju, kutoka Bariadi mpaka Nyashimo, hauchukui wiki.

Kwa hiyo Milembe asirudi. Basi. Aliuza ng'ombe, akanunua suti ya mitumba ya kijivu na redio kaseti, akahamia gesti yenye neti, akaanza kuhesabu siku.

Zilikuwa zimebaki kumi na moja. Ameketi kwa Philomena, suti inang'aa, redio iko juu ya meza, mlangoni pakaingia giza kidogo. Milembe.

"Mama Milembe!" Chai ilimpalia. "Mbona... barua sijatuma!"

"Ilichelewa, ndugu yangu." Milembe akavuta kiti akakaa. "Nikaona nijaribu tu hivyo hivyo. Nikaweka vyeti vyako mezani pale Sirari, vyote ishirini na tatu. Yule afisa akasoma cha kwanza, akasimama. Alipofika kwenye cha chatu akaita ofisi nzima, mpaka mpishi."

"Wakasema nini?"

"Hawakuweza kusema. Walishikana mabega. Mmoja alitoa machozi."

"Machozi?"

"Haki ya Mungu, machozi. Wakauliza ni nani mtu mwenye mhuri huu, nikawatajia jina lako. Wakaliandika."

Jamani, ujinga ni kitu cha ajabu, hakuna shule ulikokataliwa. Januarius, ambaye tangu azaliwe hakumwamini mtu, aliamini. Miaka kumi na miwili aliona wakulima wanavyousujudia ule mhuri. Moyoni, hata yeye alikuwa akiusujudia kidogo. Pengine, aliwaza, una nguvu kuliko nilivyodhani. Pengine serikali imesahau kuufuta.

"Sasa watu wote wanaitaka viza yako," Milembe aliendelea. "Zagayu nzima, na vijiji vya jirani. Nane Nane watajaa uwanjani. Weka meza yako kwenye duara langu, ugonge mhuri pale pale. Mia mia kwa kichwa, nusu yako, nusu ya ngoma."

Mate yalimjaa. Halafu akamkumbuka Anatoli, na mate yakakauka. Mtu mwenye hofu huropoka, na Januarius aliropoka yote: safari ya kwa Anatoli, barua ya tarehe tisa, kitisho cha kuimbwa, hata mama yake. Milembe alisikiliza bila kukunja uso. Sehemu ya fahali wawili alimwomba airudie.

"Anatoli asikutishe," alisema mwishowe. "Ukiwa kwenye duara langu, watu wote wako kwangu. Yeye atakuimba mbele ya nani? Wimbo bila watu ni kelele tu."

Ilikuwa kweli kabisa. Mahali pekee pa kujificha kutokana na wimbo wa Anatoli palikuwa katikati ya ushindi wa Milembe, na pale pale pesa ingekuwa inaingia. Januarius karibu amkumbatie.

"Wabeja, mama," alishukuru. "Wabeja sana."

"Wabeja wewe," alisema Milembe.

Siku ya Nane Nane uwanja ulifurika. Anatoli alikuja na ngoma kumi na mbili na vijana waliojipaka majivu. Upande wa pili, hatua mia mbili, Milembe alikuwa amezungushia duara lake miti na kamba. Palikuwa na lango moja tu, na langoni boriti ya kupandisha na kushusha, kibanda cha nyasi, bendera ya kitenge, na wasichana wanne waliovaa kofia za maboksi na kushika bunduki za miti. Mbele ya kibanda, meza. Nyuma ya meza, ndani ya suti ya kijivu, Januarius Masalu na mhuri wake.

Foleni ilianza hata ngoma hazijalia. Watu waliingia wakitoa shilingi mia, naye akawagonga mhuri mkononi kwa kuwa karatasi zilikwisha mapema. Aliyetaka kutoka akachungulie kwa Anatoli alitoka bure. Akirudi, wasichana walishusha boriti: "Viza!" Anatoa mia nyingine, anagongwa tena. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanakaa chini, na Januarius akacheka nao, maana furaha ya mteja ni furaha ya ofisi. Kikapu kilijaa, kikaletwa kingine. Wengine walitoka na kurudi mara tano kwa raha yao tu. Kwa jinsi walivyompenda, alimwonea Anatoli huruma.

"Unaitwa nani?" alimuuliza mzee mmoja kwa ukali wa kazi.

"Andika Chatu," mzee alijibu, na watu nyuma yake wakaanguka kwa kicheko.

Januarius akainua kichwa. Hapo ngoma zikalia.

Milembe aliingia katikati ya duara taratibu, chatu mabegani. Akaimba kwa Kisukuma, sauti inapita juu ya ngoma zote sita, na wachezaji ishirini na mmoja wakaitikia.

"Nilikwenda kwetu, nikaulizwa viza ya kwetu,
nyoka wangu akaandikiwa kazi;
mpakani afisa akalia kwa kicheko,
akasema, mama, mwenye nyumba haombi kuingia kwake!

Jina lake Januarius, mwana wa Scola wa Nyashimo,
kala mtamba wa Milembe ili atoke,
kala fahali wawili wa Anatoli ili asirudi.
Yuko wapi? Yule pale, ana suti ya kijivu!"

Watu elfu mbili wakageuka. Mikono iliyogongwa mhuri ikainuliwa juu yote kwa pamoja, wino unaonekana.

Sasa alielewa. Hakuwa ofisini, alikuwa mchezoni. Kila mwaka manju huleta kioja kipya uwanjani ili awavute watu, kuna mwaka fisi aliyefungwa kamba, kuna mwaka ndege ya mabati, na kioja cha mwaka huu ni yeye. Akasimama akimbie, kiti kikaanguka, watu wakapiga vigelegele wakidhani ndivyo mchezo ulivyo. Akafika langoni. Boriti ikashuka.

"Viza yako?" aliuliza msichana mwenye bunduki ya mti, uso mkavu.

"Binti, nipishe."

"Viza ya kutoka, mzee."

"Kutoka ni bure!" Januarius alipiga kelele, na sauti ilimtoka puani, ile ile ya ofisini, na uwanja mzima ukalipuka upya. Mzee mmoja alilazimika kushikiliwa. Januarius akatazama kulia, kushoto. Akarudi mezani, akauchukua mhuri, akajigonga mwenyewe mkononi mbele ya watu wote. Boriti ikapanda.

Langoni alipishana na mtu mnene anayeingia, kichwa chini, akitoa shilingi mia. Alikuwa Anatoli. Kwenye duara lake walikuwa wamebaki wale mbwa. Walitazamana, wote wawili wakatazama pembeni.

Jioni Januarius alijikaza akamwendea Milembe. "Nusu kwa nusu tulisema, mama."

"Tulisema," alikubali Milembe, akifunga kikapu cha tatu kwenye baiskeli. "Nusu yako nimekata mtamba na kondoo wawili, na viza ishirini na tatu, na siku tisa tulizokaa Migori tunangoja barua. Imebaki kidogo. Hiyo nimempa chatu, ndiye aliyefanya kazi."

Januarius alijificha gesti siku nne. Siku ya tano aliivua suti, akavaa shati la zamani, akachukua redio yake, akapanda lori la pamba linaloelekea ziwani. Wapakiaji juu ya magunia walikuwa wanaimba. Mnajua walikuwa wanaimba nini. Ili asijulikane alilazimika kuitikia, na kufika Nyashimo alikuwa amejua beti zote, hata tatu mpya ambazo Milembe hakuzitunga. Lililomuuma zaidi ni kwamba wimbo wenyewe ulikuwa mzuri.

Mama yake alikuwa uani, anaanika dagaa juu ya mkeka. Hakuinuka.

"Mwadila, mayu," Januarius alisalimu kwa sauti ndogo.

"Janwari." Bibi Scola aliendelea kutandaza dagaa. "Nimeimbwa. Kanisani, wenzangu wa kwaya, baada ya misa. Mwana wa Scola wa Nyashimo."

Januarius akakaa chini kwenye vumbi. Njia nzima alikuwa ameandaa maneno ya kujitetea, ya wanunuzi binafsi na ushirika na dunia ilivyogeuka, na sasa yote yalimtoka kichwani. Aliona aibu, aibu ya kweli, ambayo hakuwahi kumwonea mteja yeyote.

"Nisamehe, mayu. Nilikudanganya. Kazi niliachishwa zamani. Nimekuwa nikiwalaghai watu..."

"Fahali wawili?" mama alimkata.

"Eeh?"

"Wimbo unasema fahali wawili. Na mtamba."

"Ni ngoma tu ile, mayu. Wanatia chumvi."

"Manju anatia chumvi kwenye maneno. Kwenye ng'ombe hatii, Wasukuma watamzomea." Sasa alimtazama, na macho yake yalikuwa mekundu, tena alikuwa amelia kweli. "Fahali wawili na mtamba mmoja, Janwari! Wenye nundu! Na mimi mama yako, niliyekubeba mgongoni nikipalilia pamba, mwezi mzima unaniletea sukari nusu kilo. Hukuona aibu?"

"Mayu, lakini ni mali ya wizi..."

"Nani kakuuliza ya nini? Nakuuliza yangu iko wapi."

Bibi Scola akanyoosha mkono, akachukua redio kaseti kutoka magotini mwa mwanawe, akaikagua chini na juu, akaiweka ndani. Kisha akaenda kwenye uzio akaita, na wanakwaya watano waliokuwa wanachungulia tangu mwanzo wakaingia uani na kuketi.

"Ndiye huyu," mama aliwaambia. "Fahali wawili, mama zangu. Sukari nusu kilo."

Wakamtazama kwa zamu, mmoja mmoja, kutoka kichwani hadi miguuni. Hakuna aliyecheka. Mkubwa wao akatikisa kichwa, akasema mwizi wamewahi kumwona, mwongo pia, lakini mtoto wa namna hii hapana.